Kipindi cha Chumba cha Nyuma

Mnanichosha. Mkishiba tu mnataka niwatishe, na nikiwatisha hakuna anayethubutu kwenda chooni peke yake, kazi ya kuwasindikiza inakuwa yangu na magoti haya mnayoyaona. Haya. Nitasema mara moja, sirudii. Anayetaka kulia akalie nje, mimi sibembelezi mtu.

Palikuwa na mwanamke mshona sare za shule. Mtaa mzima ulimwita Fundi, ila mama yake peke yake alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga kizazi. Wiki ya saba tangu amzike mama huyo, mchana kweupe, yuko kwenye cherehani anapiga pindo la sketi, simu yake ikamletea kipindi kipya cha kusikiliza.

Hilo peke yake si ajabu. Mwalimu mmoja, mteja wake, alikuwa amemwekea kwenye simu programu ya redio na vipindi vya dunia nzima, na programu ile ilikuwa mbea kweli: ukisikiliza kitu, inakuandikia, kwa kuwa umependa hiki huenda ukapenda na hiki. Ajabu ilikuwa jina. Kipindi kiliitwa Chumba cha Nyuma. Hakina picha, hakina mtangazaji, na chini yake pameandikwa: msikilizaji mmoja.

Fundi akadhani ni mchezo wa kuigiza. Akachomeka waya masikioni.

Kwanza kimya. Kisha kitanda cha chuma kikalia, kile kilio cha springi mtu anapojigeuza kwa taabu. Kikohozi. Halafu kijiko kikagonga kikombe cha bati: ko, ko, ko.

Fundi akang'oa waya. Kikombe kile alikijua.

Mama yake alilala chumba cha nyuma miaka miwili, kuanzia kiuno hadi nyayo hana habari nazo. Kaka mtu alikuwa mji mwingine anachomelea mageti, akipiga simu kila Ijumaa. Kumwosha, kumgeuza, kumpaka dawa ya kuchua mgongoni, vyote vilikuwa vya Fundi, na alivifanya, tusimsingizie. Lakini mtu huchoka. Kila akikaa, ko, ko, ko, Kitinda! Hata sindano hajaitunga uzi.

Ndipo programu ile ikaingia, na masikio yake yakaota miguu. Asubuhi alisikiliza redio ya kisiwa fulani, watu wanasema lugha asiyoijua hata neno, wanacheka naye anacheka. Baadaye nyimbo alizocheza akiwa msichana. Saa nane mchana, mchezo wa mke wa daktari, mwanamke mpumbavu yule, kila siku anakaribia kuujua ukweli na haujui. Na kwa kuwa waya zikiwa masikioni kijiko hakisikiki, akamtafutia mama yake simu, akamfundisha kubonyeza na kusema.

"Ukinihitaji nitumie sauti, mama. Itanifikia humu humu masikioni."

Kikongwe yule akaweza kuliko vijana. "Kitinda, nigeuze." "Kitinda, nzi hawa wananiona mimi ukumbi wa harusi, njoo uwafukuze." Fundi anacheka, anasimama, anaenda.

Isipokuwa mara moja. Ilikuwa sehemu ya mwisho ya mke wa daktari. Sauti ya mama ikaingia, alama ikawaka juu ya kioo: dakika nne. Fundi akaiona. Akasema moyoni, kikiisha. Kipindi kilikuwa kimebakiza dakika kumi na moja. Kilipoisha akaenda na maji, akamkuta mama yake mdomo wazi, simu kifuani, pumzi hana.

Kaka alipofika aliuliza jambo moja tu.

"Aliteseka?"

"Hapana, kaka. Alikuwa amelala. Hakuniita hata mara moja."

Kaka akaushika uongo ule akautembelea kama mkongojo, nao ndio uliomrudisha kazini. Na ile sauti ya dakika nne Fundi hakuifungua. Kuisikiliza hawezi, kuifuta hawezi. Akashona nayo, akala nayo, akalala nayo kichwani.

Sasa kesho yake, saa nane, Chumba cha Nyuma kikaleta sehemu ya pili, na Fundi akasikiliza. Msiniulize kwa nini. Mimi nimezika, najua: mtu akitoka makaburini akili haimkai sawa kwa muda. Kitanda. Kijiko. Na pumzi, karibu sana, kama mdomo umegusa simu. Siku ya tatu likaja neno.

"Kitinda."

Fundi alifunzwa kama nilivyowafunza ninyi, usimwitikie usiyemwona. Alifunzwa na mama huyo huyo. Lakini mtoto akiitwa na mama yake haulizi. Mguu uliacha kanyagio la cherehani, na mdomo ukasema peke yake:

"Abee, mama."

Kipindi kikakatika pale pale. Akang'oa waya, na kijiko hakikunyamaza, ko, ko, ko, sasa kinatoka nyuma ya pazia, kwenye chumba alichokifagia kwa mkono wake na kitanda akakifungua vyuma akaviegemeza ukutani, na harufu ya dawa ya kuchua ikaja ikitambaa sakafuni, kali, yenye joto, kama mgongo uliotoka kupakwa sasa hivi, ikapanda juu ya vitambaa, ikamwingia puani ikashuka kooni, na vyuma vile vilivyoegemea ukuta vikatoa kilio cha springi, mtu anajigeuza, anajigeuza tena, na sauti ya mama yake, ile ile yenye mkwaruzo, ikaita Kitinda, Kitinda, Kitinda, wala haikuvuta pumzi kati ya mwito na mwito.

Akadhani ni kichwa chake. Kesho yake akaja mama mmoja wa mtaa wa mbali kuchukua sare ya mwanawe.

"Fundi, unaitwa huko ndani."

"Na nani?"

"Si na mama yako! Nenda, bwana, nitasubiri, sare haina miguu ya kukimbia."

"Mama yangu alishafariki," Fundi akamwambia kwa sauti ya chini.

Mteja akacheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa vibaya. Kisha ko, ko, ko. Akatoka bila sare, na kiatu kimoja mpaka leo hakijafuatwa.

Fundi akampigia kaka. Kaka akaja na maneno yake ya faraja, huzuni hiyo, mdogo wangu, huli, hulali. Akaenda mwenyewe kusimama kwenye pazia. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Akatoka akaenda kumleta mganga.

Mganga mwenyewe kizee kifupi, koti limemzidi, hana kibuyu wala usinga. Akanusa mlangoni.

"Nani ameliitikia?"

"Mimi, babu."

"Mh. Jini halitungi sauti ya mtu, binti. Huiokota palipoachwa. Kuna neno marehemu alikwambia ukaacha kulipokea?"

Fundi akatazama cherehani. Mwishoni akatoa simu, akaiweka mezani katikati ya vipande vya kola. Kaka akainama. Akasoma tarehe. Akasoma saa.

"Si ulisema alikuwa amelala?"

"Kaka..."

"Si ulisema hakukuita?"

"Aliniita. Niliona ikiingia."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilikuwa nasikiliza kipindi."

Kaka hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa afadhali.

"Kilihusu nini?"

Fundi akafungua mdomo. Mke wa daktari. Aliujua ukweli au hakuujua, aliondoka au alibaki, hakukumbuka hata kidogo.

"Semeni polepole, linasikiliza," mganga akanong'ona. "Neno liliachwa mlangoni, limepata mpangaji. Lipokee sasa, lote, mpaka mwisho, wala usizibe masikio. Jini likikosa pa kukaa litatoka. Lakini halitoki mikono mitupu. Litachukua kitu chako, na mimi sichagui nini."

"Lichukue."

"Usijibu haraka. Haraka yako ndiyo imetufikisha hapa. Simu ina chaji?"

Ilikuwa nayo. Fundi akakalia mikono yake isije ikaenda masikioni, na kaka akabonyeza.

"Kitinda. Nakusikia unacheka huko. Kipindi kizuri, ee? Kikiisha uje unisimulie, mimi na nzi wangu huku hatuna habari yoyote." Akakohoa. "Si kwa haraka. Kifua tu kinanibana."

Na chumba cha nyuma kikarudia. Mwanzo kilikuwa nyuma ya simu kwa neno moja, kisha vikawa sambamba, kisha kile cha ndani kikatangulia, kikawa kinasema kabla simu haijasema, mpaka kila neno la mama likafika kwa binti yake mara mbili, na ya kwanza haikuwa ya mama. Kaka alikuwa ameshika mkono wa mganga kama mtoto anayevushwa barabara.

Dakika ya tatu utani uliisha. "Kitinda, njoo." Kijiko. "Njoo sasa, mwanangu." Kijiko tena, kinakosa kikombe, kinagonga chuma cha kitanda. "Basi kizime kidogo. Kizime kidogo tu, unisikie."

Baada ya hapo hapakuwa na maneno, ila pumzi tu, dakika nzima, na Fundi akazisikiliza zote, moja moja, zikipungua na kuachana, akingoja kila mara ijayo, mpaka ile iliyofuata haikuja na simu ikanyamaza yenyewe.

Hapo ndipo chumba cha nyuma kilipovuta pumzi yake ya kwanza. Ndefu. Kitu cha baridi kikapita katikati yao, sare zilizotundikwa zikapepea zote, harufu ya dawa ikatoka nacho nje mlangoni, na vyuma vya kitanda vikatulia.

Kaka aliondoka siku ile ile. Kipindi kile hakikuonekana tena kwenye simu.

Kilichochukuliwa Fundi alikijua asubuhi yake. Alikaa kwenye cherehani akataka kumkumbuka mama anavyosema "Kitinda, nigeuze." Maneno yalikuwepo. Sauti haikuwepo. Akazifungua sauti zote za nyuma, za nzi, za kugeuzwa, za kuomba maji: dakika zinahesabika, ndani yake upepo mtupu. Redio za dunia alizisikia, cherehani aliisikia, kuku wa jirani aliwasikia. Mama yake peke yake alifutwa, kwenye simu na kichwani pia.

Kaka alikaa miezi mitano bila kupiga. Alipopiga, Fundi hakuomba msamaha, alijua haupo. Akaomba kingine.

"Kaka, niigie mama. Niite kama alivyoniita."

Kaka tangu utotoni alikuwa hodari wa kumwiga mama, hata majirani walikuwa wakidanganyika. Akaita. Akaita tena na tena, mpaka kilio kikamshinda akashindwa kumaliza.

Fundi alisikiliza kwa masikio yote mawili. Ilikuwa sauti ya mwanamke fulani, mtu mzima, ambaye hajawahi kukutana naye.

"Ndivyo, kaka," akamwambia. "Ndivyo hasa alivyokuwa akiniita."