Karamu ya Mashuka Meupe

Lango la boma la Morogoro lilifungwa nyuma ya Mwanaheri. Komeo likapigwa kwa ndani.

"Hatoki mtu mpaka karamu iishe," alisema askari.

Haya. Kuingia ameingia. Kutoka ni majaliwa.

Amri ilitoka kwa Mzee Hatibu wa Kinole, mkuu wa wapelelezi wa milimani. Aliileta muuza mboga, kwa mdomo: "Maharage yamekomaa. Vuna sikukuu ya Kaisari."

Maharage ni Mwinjuma, mdogo wake Mwanaheri, mpeleka habari wa Waluguru. Alikuwa mahabusu humo bomani, na kesho asubuhi Wajerumani wangemnyonga. Ufunguo wa mahabusu ulikuwa mmoja tu. Kapteni Vogt aliuvaa shingoni, na hakuuvua hata kuoga.

Mtaa mzima wa Mafiga ulimjua Mwanaheri kuwa ni mwosha maiti. Bomani alikuwa dobi wa mke wa kapteni, na nani atamshuku mama wa pasi? Kikapuni mwake, chini ya mashuka ya karamu, palikuwa na shuka moja la peke yake. Alilikata kwa kipimo cha Mwinjuma, huku analia. Mwosha maiti hajidanganyi.

Karamu yenyewe ilikuwa ya mavazi ya Kirumi. Bibi Vogt alikuwa na kitabu cha picha, ila mawazo hana. Akayaomba kwa dobi wake, na dobi hakuwa mchoyo.

"Hawa wamejifunga mashuka, bibi. Wageni nao tuwafunge."

"Vizuri. Na chakula?"

"Wanakula wamelala. Tutandike magodoro. Tena mtu mkubwa hashiki bilauri, ananyweshwa."

"Vizuri sana. Vichwani je?"

"Majani ya mpera. Na bunduki sizioni humu, bibi. Mrumi mwenye Mauser atachekwa."

Bastola zote zikaingia kashani.

Alasiri maofisa wakajilaza magodoroni, wanacheka, na Mwanaheri akawafunga mmoja mmoja kwa namna pekee aliyoijua. Mikono ndani. Tambara kiunoni. Tambara miguuni. Naye Bibi Vogt akafungwa vipande vitano, kama ilivyo ada kwa wanawake.

Akafika kwa kapteni.

"Ufunguo nikuwekee, bwana?"

"Ufunguo unabaki."

Ukabaki, kifuani, chini ya shuka. Mwanaheri aliwanywesha mvinyo, bilauri baada ya bilauri, huku madirisha ya nondo yakiingia giza. Hakuona pa kupitia.

Ndipo Abasi, mkuu wa askari, alipoingia kukagua. Huyu hakuvaa shuka. Bunduki yake ilikuwa begani.

Aliwatazama Wajerumani waliolala safu moja. Akaliangalia tambara la miguuni. Akaliangalia la kiunoni.

Akamsogelea Mwanaheri, akanong'ona.

"Bi Mwanaheri. Nani amekufa humu?"

Uongo wa kumwambia Mwislamu mwenye macho yake haukuwepo.

"Bado hajafa," alisema. "Ni kesho. Mdogo wangu."

Mkono wa Abasi ulikuwa kwenye mkanda wa bunduki.

"Mama yangu ulimwosha wewe," alisema mwishowe.

"Nilimwosha. Nilimfunga vizuri."

"Najua. Nilikuwa mlangoni." Akashusha pumzi. "Magharibi imeingia. Nawachukua askari wote tukasali nyuma ya ghala, wa langoni pia. Nasalisha mimi. Leo nitasoma sura ndefu."

Akatoka bila kugeuka.

Mwanaheri akainama kwa kapteni, kama anayemnyoosha shuka. Mkasi aliokatia lile shuka ukapenya shingoni, chini ya kamba ya ufunguo. Kamba ikakatika. Ufunguo ukaja, una joto la mwili wa mtu.

Jicho la kapteni likafunguka.

"Mwizi!"

Akataka kumkamata, mikono haipo. Akataka kusimama, miguu haipo. Akabiringika kutoka godoroni hadi juu ya daktari, daktari akamwangukia karani, na bibi wa vipande vitano akapiga ukelele bila kusogea hata shubiri. Wakubwa wa boma zima walitapatapa sakafuni, mataji ya mpera yamewafunika macho.

Mwanaheri hakukimbia. Mbio za nini?

Mlango wa mahabusu ulifunguka kwa mzunguko mmoja.

"Dada?"

"Nyamaza. Nifuate. Tembea kama unakwenda kisimani."

Nyuma ya ghala sauti ya Abasi ilisoma, ikaendelea kusoma. Langoni hapakuwa na mtu. Mwanaheri akavuta komeo, akampitisha mdogo wake, akakumbuka kikapu chake, akarudi kukichukua. Kisha akalirudishia lango taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Walipofika mlimani, juu ya mashamba ya kabichi, ukungu ulishuka. Mwinjuma, kifua wazi, alikuwa anatetemeka.

"Baridi, dada."

Mwanaheri akatia mkono kikapuni. Akalitoa lile shuka la peke yake, akamfunika mabega, mikono ameiacha nje.

Mwinjuma akalipapasa. "Shuka jipya. La nani?"

"Lako. Limekutosha?"

"Limenitosha kabisa. Umejuaje kipimo changu?"

Mwanaheri alijitwika kikapu kitupu, akashika njia ya Kinole.