Limehifadhiwa Hakiki

Kila siku akitoka shule, Kimbunga alipitia kwa shangazi yake, akavua viatu mlangoni, akanywa chai, kisha akafanya hesabu zake kwenye kona ya meza ya kazi. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu mtoto huyo akifagia, vumbi halitoki nyumbani. Linahama chumba tu.

Shangazi alikuwa mtengeneza programu. Moja ya programu zake ilikuwa ya kuandikia barua, insha na mambo kama hayo. Ndani yake palikuwa na kipande kidogo kilichofanya kazi ya bawabu. Kila faili lilipotaka kufunguliwa, kipande hicho kiliitwa kwa jina lake, kikalikagua. Kikikuta amri za hila zimefichwa ndani, kilipiga kelele: usifungue!

"Jina la huyu bawabu limenichosha roho," Shangazi alisema siku hiyo, akifikicha macho. "Nilimwita 'salama'. Sasa wenzangu wakisoma 'salama' wanadhani faili limeshapita, kumbe ndiyo kwanza linaulizwa! Tunambadilisha, aitwe 'hakiki'. Hebu nisaidie. Tafuta 'salama' kila mahali. Ukiikuta, soma mstari mzima kwanza. Kama ni bawabu anaitwa, badilisha. Kama ni neno jingine, liache lilivyo."

"Zote, shangazi? Moja moja?"

"Mchele unachambuliwa kwa gunia?"

Simu ikalia. Shangazi akaenda chumba cha pili kuongea na mteja, tena mteja wa wale wasiojua kukata simu.

Kimbunga alianza vizuri. Soma, badilisha. Soma, acha. Lakini 'salama' hazikuisha! Ukiitoa moja, mbili zinachungulia. Nje, wenzake walishaanza mpira, na mmoja alikuwa akimwita kwa mluzi. Kimbunga akasonya. Pembeni ya kitufe cha 'badilisha' palikuwa na kitufe kingine: 'badilisha zote'. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha.

"Umeshamaliza?" Shangazi aliuliza aliporudi.

"Ndiyo, shangazi."

"Umesoma mstari kwa mstari?"

"Ndi... ndiyo."

Shangazi alimwamini, akaiweka programu mpya kwenye kompyuta ya bibi pale sebuleni, maana bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kujaribu kila toleo. Alikuwa mkunga mstaafu, na sasa aliandika kumbukumbu za kazi yake.

Kimbunga hajafika hata mlangoni, bibi akapaza sauti.

"Jamani, hii mashine imelewa? Inaniambia, 'Uhakiki wako ndio furaha yetu.' Nahifadhi faili, inasema, 'Limehifadhiwa hakiki.' Hakiki ndiyo mdudu gani?"

Kimbunga aliangua kicheko. Kikakatika katikati, kwa sababu bibi alipiga yowe la pili. Alikuwa amefungua faili alilotumiwa na jirani. Programu haikumwuliza kitu. Hapohapo, ukurasa aliokuwa akiuandika ukageuka, kila herufi ikawa alama ya kuuliza.

"Mama! Umebonyeza nini?" Shangazi alishika kichwa.

"Nibonyeze nini? Nimefungua faili la jirani, basi!"

"Bawabu angekuzuia. Lazima umemzima mwenyewe! Mara ngapi nimekuomba usiguseguse?"

"Mikono hii imepokea watoto wa mtaa mzima, leo nifundishwe kubonyeza? Hata wewe nilikuzaa bila kitufe!"

Lakini sauti ya bibi ilitetemeka. Ukurasa ule alikuwa ameuandika tangu asubuhi, kwa kidole kimoja. Akavua miwani. "Pengine ni mimi kweli," akasema polepole. "Uzee huu..."

Hapo Kimbunga hakuweza tena. "Si wewe, bibi! Ni mimi. Nilibadilisha zote kwa mpigo. Sikusoma hata mstari."

Shangazi alimtazama, akavuta pumzi ndefu, akavuta na kiti. Akaanza kutafuta, mpaka akakuta.

"Njoo uone. Ndani ya 'usalama' kuna 'salama'. Uliposwaga zote, 'usalama' nayo ikawa 'uhakiki'. Kompyuta ya bibi yako imeandikwa 'usalama: washa'. Programu inatafuta 'uhakiki', haiuoni, inadhani leo bawabu hana zamu. Bawabu yupo mlangoni, ila hakuna anayemwita!"

Walirudi kwenye nakala ya zamani ya programu. Kimbunga akaanza upya, mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Mpira uliisha nje bila yeye. Alipomaliza, Shangazi akapitia yote, kisha akalijaribu tena faili la jirani kwenye kompyuta yake mwenyewe. Maneno mekundu yakatokea: "Lina amri zilizofichwa. Usifungue!"

Kurasa za zamani za bibi zilikuwa na nakala. Ule wa leo ulikuwa umekwenda na maji. Basi bibi akasimulia upya, na Kimbunga akaandika.

"Sikiliza," Shangazi alimwambia walipomaliza. "Uvivu wako ulivunja programu, na programu hutengenezwa. Uongo wako ndio ulionifanya nimgombeze mama yangu bure. Ungesema 'nimechoka, nimebadilisha zote', ningekagua kabla haijamfikia. Ukikosea, sema. Kosa lililosemwa lina fundi." Akamgeukia bibi. "Na wewe, mama, nisamehe."

"Nimesamehe. Ila chai ya leo unapika wewe," bibi akajibu. Kisha akamkonyeza mjukuu wake. "Haya, mume wangu... au sijui nikuite bawabu! Nenda, ufike hakiki."

Kimbunga alikuwa na jibu mdomoni, akalizuia.

"Subiri, bibi, nisome mstari mzima kwanza." Akafikiri kidogo. "Ubaki salama."