Mkasi wa Uongo

Kila Jumapili jioni, katika mtaa wa Aguablanca jijini Cali, Kolombia, Eneida Hinestroza aliketi kizingitini mwa nyumba yao asukwe nywele na bibi yake, Bibi Visitación. Bibi alizaliwa pwani, na mikono yake haikujua haraka.

"Tulia, mjukuu wangu! Unatikisa kichwa kama kuku aliyenyeshewa."

"Natafuta mistari, Bibi."

Eneida alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alipenda hip-hop kuliko chakula. Dada Jacinta, mchanaji wa hip-hop aliyeheshimika mtaani, alikuwa akiwafundisha wasichana kuchana mistari katika ukumbi wa jirani. Aliwakataza kuiga nyimbo za magari na mikufu ya dhahabu. "Semeni mnayoyaishi," aliwaambia. "Sisi weusi wa mji huu tumesemewa na wengine vya kutosha."

Wiki ile shule ilikuwa ikijiandaa kucheza ngoma kwenye sikukuu ya jiji. Eneida alikuwa safu ya mbele, kwa kuwa hakuna aliyemshinda kucheza. Lakini Jumatatu Mwalimu Bermúdez alimtazama kichwani, akakunja uso.

"Watakaokaa mbele wawe na nywele nadhifu. Eneida, zinyooshe. La sivyo nenda nyuma, wewe na Darly na Yesenia."

Wengine wakacheka. "Haya, mafagio, nyuma!" mvulana mmoja akapiga kelele. Eneida alikwenda nyuma pamoja na Darly na Yesenia, ambao nao walisukwa kama yeye.

Jumamosi kulikuwa na tamasha mtaani. Eneida alishika kipaza sauti, biti ikaanza, naye akachana:

"Bibi kanisuka njia, kichwani nazitembeza,
Mbona mwaniweka nyuma, ngoma najua kucheza?"

Watu wakashangilia. Kelele zile zilimpanda kichwani kama mvinyo, akaongeza mstari ambao hakuwa ameupanga: "Mwalimu kashika mkasi, msuko wangu kakata!"

Uwanja ulilipuka. Akina mama walipiga sufuria. "Aondoke! Mwalimu huyo aondoke!"

Jumatatu iliyofuata wazazi walijaa shuleni, pamoja na Bibi Visitación na Dada Jacinta. Mwalimu Bermúdez alisimama pembeni. Mwalimu mkuu aliinua mkono.

"Mtoto atuonyeshe msuko uliokatwa. Kama hilo ni uongo, basi yote ni uongo, na kila mtu arudi kwake."

Macho yote yakamgeukia Eneida. Bibi Visitación alimsogelea, akamnong'oneza, "Kichwa hiki nakisuka mimi. Hakuna mkasi uliopita hapa. Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu, nawe umetuingiza wote humo. Tutoe."

Eneida alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimtazama Dada Jacinta, lakini Dada Jacinta hakumsaidia. Alingoja tu.

"Hakunikata," Eneida akasema, sauti ikikwaruza. "Mkasi niliuongeza ili nishangiliwe. Mwalimu, nisamehe."

Minong'ono ikazuka. Mwalimu mkuu akaanza kukusanya karatasi zake.

"Bado sijamaliza!" Eneida akapaza sauti. "Alituambia nywele zetu si nadhifu. Alituweka nyuma sisi watatu. Huo si uongo."

Darly akasimama. "Ni kweli. Nilikuwepo." Yesenia naye akasimama. Hata yule mvulana aliyewaita mafagio akainamisha kichwa, akasema, "Ni kweli. Na mimi niliwacheka."

Mwalimu Bermúdez alifuta macho. "Nilisema," akakiri. "Ndivyo nilivyofundishwa, kwamba nywele kama hizi ni vurugu. Sikuwahi kujiuliza aliyenifundisha alikuwa nani."

Siku ya sikukuu wasichana watatu walicheza mbele wakiwa na misuko yao. Ngoma ilipokwisha, Eneida alichana mistari yake bila mkasi. Shangwe hazikuwa kubwa kama zile za mtaani, lakini watu walisikiliza kila neno, na mama mmoja aliyevaa kitambaa kichwani alikifungua taratibu, akaziacha wazi nywele zake za kipilipili, akakitia mkobani.

Aliposhuka jukwaani, Dada Jacinta alimkumbatia.

"Dada, kwa nini siku ile hukunitetea?"

"Ningekutetea, watu wangeniamini mimi. Nilitaka wakuamini wewe." Dada Jacinta akamshika mabega. "Sikiliza, mdogo wangu. Watu wetu hawasikilizwi kwa urahisi. Ukichanganya uongo mmoja na kweli tisini, wasiopenda kutusikia watauokota ule mmoja wazibie masikio. Yaliyokupata yalitosha. Ukweli wako hauhitaji kuongezewa chumvi. Unahitaji mtu wa kuusimamia."