Mara Mbili Kabla ya Ufunguo

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi magari, mtu ambaye ukimtajia mizimu anakucheka hadi machozi. Marehemu mkewe alikuwa na kigari cha zamani cha kabureta, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa kinachotaka kusukumiwa mafuta kwa pedali kabla ya kuwasha. Kila asubuhi alikanyaga pedali ya mafuta mara mbili, ndipo akazungusha ufunguo. "Mzee huyu haamki bila kubembelezwa," alikuwa akisema.

Baada ya msiba, gari likakataa kuwaka kwa mkono wa mtu yeyote. Fundi akang'oa kabureta, akaweka mahali pake nozeli za kupulizia mafuta zinazoongozwa na kompyuta, ili liwake kwa ufunguo tu.

Siku ya kulijaribu mvua ilinyesha, umeme ukakatika, gereji ikawa giza. Alifungua swichi bila kuwasha injini, akashuka, akasimama mbele ya boneti na mashine ya kupimia iliyochomekwa kwenye kompyuta ya gari. Ndani ya gari tupu akasikia springi ya pedali: kwii. Kwenye skrini, mshale unaoonyesha pedali inavyokanyagwa ukapanda, ukashuka. Kwii. Ukapanda tena, ukabaki juu, ukisubiri.

"Mama watoto," akasema, "siku hizi halihitaji hivyo."

Mshale ukashuka taratibu, kama mguu unaoondolewa kwa haya.

Tangu siku ile fundi hufungua swichi, husikiliza, humbembeleza mkewe akanyage tena. Springi haijalia tena.