Magunia Hayapigi Kelele

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, dada aliketi upande mmoja wa meza ya jikoni na mdogo wake upande wa pili, karatasi mkononi. Mdogo mtu alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye miguu iliyorefuka haraka kuliko sketi zake. Nyumbani walimwita Mnara, kwa kuwa dada yake alipofanya mazoezi ya urubani, yeye ndiye aliyejifanya mnara wa kuongozea ndege. Alilipenda jina hilo kuliko lile la kwenye daftari la mahudhurio.

"Rubani, umelala vya kutosha?"

"Nimelala."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umekunywa dawa yoyote?"

"Sijanywa."

Maswali hayo yalitoka kwenye fomu ambayo kila rubani wa chuo kile huijaza na kuitia sahihi kabla ya kupaa. Dada alikuwa akisomea kurusha ndege za mizigo kwa mwaka wa tatu sasa. Alianza na ndege ndogo ya injini moja, akakusanya saa zake angani mojamoja hadi zikapita mia mbili. Akafaulu mitihani ya maandishi, kisha akajifunza kuruka ndani ya mawingu kwa kutazama vipimo tu. Ulibaki mtihani mmoja: kurusha ndege ya injini mbili iliyojaa magunia ya mbegu hadi ng'ambo ya milima na kurudi. Akifaulu, kampuni ya mizigo ilikuwa tayari kumwajiri. Akiikosa siku hiyo, angengoja miezi sita, maana mtahini alitoka mbali na alikuja mara mbili tu kwa mwaka. Mama yao, fundi cherehani, alikwisha kushona shati jeupe la kazi na kulitundika nyuma ya mlango.

Wiki ya mtihani ilianza na kikohozi. "Vumbi tu," alisema dada. Siku ya Jumatano alianza kujipiga sikio kwa kiganja, kama mtu aliyeingiwa na maji. Alhamisi asubuhi alimtuma Mnara duka la dawa.

"Dawa za mafua ni za nani?" aliuliza muuza dawa.

"Za dada."

"Anafanya kazi gani?"

Mnara aliangalia viatu vyake. "Ni mwanafunzi."

"Basi mwambie hivi: akishazimeza, asiendeshe hata baiskeli. Zinaleta usingizi, tena wa ghafla."

Mnara alizifikisha dawa, akaufikisha na ujumbe. Dada alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Usimwambie mama. Usimwambie mtu yeyote. Kesho jioni yote haya yatakuwa yamekwisha. Niahidi."

Mnara aliahidi. Siku hiyo darasani hakusikia somo hata moja.

Aliporudi alasiri, mama akiwa sokoni, harufu ya kuungua ilimpokea kwenye kibaraza. Alikimbilia jikoni. Sufuria ya maji ilikuwa imekauka kabisa juu ya jiko, kitako kimewiva kuwa chekundu, na kitambaa cha kushikia vyombo kilikuwa kimeanza kutoa moshi. Hatua mbili kutoka hapo, dada alikuwa amelala fofofo, kichwa juu ya ramani yake. Mnara alizima jiko na kukitupa kitambaa kwenye ndoo, kisha akamtikisa dada yake mara tatu kabla hajafumbua macho.

"Nimefumba macho kidogo tu," alisema dada. Akatazama saa ya ukutani.

"Ingekuwa ndege je?"

"Mtahini atakuwa kando yangu."

"Kwa hiyo ukilala, yeye ndiye atakayekufanyia mtihani?"

"Hebu niondolee kiherehere chako!" Dada hakuwahi kumfokea hivyo. Mnara aliogopa, na aliogopa zaidi alipoona macho yale mekundu yanafumba tena.

Ijumaa, siku ya mtihani, kulikucha na mawingu mazito yaliyofunika vilele vya milima. Mezani, Mnara alisoma maswali kwa sauti ndogo.

"Umekunywa dawa yoyote?"

"Sijanywa."

Mnara aliiweka karatasi chini. "Dada, umemeza sasa hivi, pale kwenye sinki. Nimekuona."

"Endelea na swali linalofuata."

"Siendelei."

Dada alivaa shati lake jeupe. Kutoka chumba cha kushonea, mama alipaza sauti, "Mungu akutangulie, mwanangu!" Cherehani yake haikusimama. Mnara alitamani kwenda kumwambia, lakini ahadi ilimshika miguu.

Njia ya kwenda shule ilipita mbele ya lango la chuo cha urubani. Mnara alisimama hapo. Akisema, dada angepoteza miezi sita na huenda asingemsamehe maisha yake yote. Asiposema, ndani ya ndege ile wangekuwemo watu watatu: dada, mtahini na fundi wa ndege. Aliwaza ile sufuria nyekundu. Kisha akasikia injini ya kwanza ikiwaka.

"Namtaka Kapteni," alimwambia mlinzi.

"Kapteni ana mtihani leo. Na wewe, mama, una shule."

"Mwambie mtoto wa fundi cherehani ana neno. Haliwezi kungoja!" Machozi yalikuwa yakimtiririka. Mlinzi aliacha mzaha, akachukua simu.

Kapteni alikuwa mkufunzi mkuu, mteja wa mama wa siku nyingi. Alimsikiliza Mnara bila kumkatiza, akageuka, akaanza kutembea, halafu akakimbia. Injini ya pili ikawaka. Ndege ikaanza kusogea. Mnara aliung'ang'ania waya wa uzio hadi vidole vikamuuma. Kapteni alisimama mbele ya ndege, mikono juu, na polepole panga za injini zikaacha kuzunguka. Dada aliteremka akipepesuka, ameshikilia ngazi. Alitazama upande wa uzio mara moja, na Mnara akajua kwamba amejua.

Hospitalini daktari alikuta usaha ndani ya sikio. "Ungepaa na kushuka nalo hivi, ngoma ya sikio ingeweza kupasuka," alisema. "Kwa kizunguzungu chake, usingejua juu ni wapi na chini ni wapi."

Dada hakumsemesha Mnara siku mbili nzima. Siku ya tatu Kapteni alifika nyumbani, akaketi na wote watatu.

"Nilikosea, Kapteni," alisema dada. "Nilijiambia sibebi watu. Ni magunia tu."

"Ndiyo maana nyinyi wa mizigo mnanitia hofu zaidi," alisema Kapteni. "Rubani wa abiria akipepesuka kwenye ngazi, watu watamwona, watapiga kelele, watashuka. Magunia hayapigi kelele. Nyuma yako hakuna wa kukuuliza kama u mzima, na chini yako kuna nyumba na shule za watu. Usiposema kweli mwenyewe, hakuna atakayekusemea. Fomu ile uliyoitia sahihi kabla ya mtihani itabaki kwenye jalada lako. Lakini nilipokuuliza uso kwa uso ulikiri, kwa hiyo mtahini atakupokea tena akirudi."

Kisha akamgeukia Mnara. "Na wewe, mwanangu, ahadi ya kuficha hatari si ya kutunzwa. Umefanya vyema, ila umechelewa kwa siku nzima. Ungemwambia mama yako Alhamisi. Usingoje injini ziwake ndipo useme."

Mama alisogea, akaketi katikati ya wanawe. Alimvuta kila mtoto kwa mkono wake, akawashikilia hivyo kwa muda mrefu.

Miezi sita baadaye dada alifaulu, na kampuni ikamwajiri. Jioni ya siku hiyo alikaa na Mnara kibarazani.

"Unajua ni nini kinachonitisha mpaka leo?" alimuuliza. "Si sikio, wala si usingizi. Ni ile sahihi. Niliandika kwamba sijanywa dawa, Mnara, na mkono wangu haukutetemeka hata kidogo."