Fyuzi ya Ampia Kumi

"Usipige risasi. Usivunje mlango. Wakisikia kishindo tu, wanammaliza."

Sauti ya Mkuu ilikatika redioni. Sindano akabaki peke yake katika chumba cha kupigia pasi, nyuma ya duka la dobi. Jasusi mzima, bastola ya Beretta kiunoni, na alikuwa anaogopa kama mtoto.

Nyuma ya mlango ule wa chuma alikuwa kaka yake.

Walanguzi wa silaha walimteka kwa ajili ya ufundi wake. Walimlazimisha kuunda mtambo wa kupofusha rada, ndege yao ishuke bila kuonekana. Ikishatua, hawatakuwa na haja naye tena.

Mlango ulishikiliwa na sumaku ya umeme. Umeme ukikatika, unaachia. Lakini swichi na fyuzi zilikuwa ukumbini, karibu na mlinzi mwenye bunduki waliyemwita Bonge. Sindano aliiona fyuzi hiyo asubuhi, alipoingia kama binti mpya wa kupiga pasi. Ampia kumi, kwa vyumba vyote viwili.

Basi angeiunguza akiwa huku huku.

Akatoa mita yake ya Fluke, akaubana waya uliokwenda kwa kaka yake. Ampia tano. Volti mia mbili arobaini mara tano, wati elfu moja na mia mbili. Mtambo ulikuwa kazini.

"Sindano," Mkuu alisema redioni, "tunasikia ndege inashuka. Rada haioni kitu."

"Nimesikia."

Mezani palikuwa na birika la umeme, kibandiko chake cha wati kimefutika. Akapima ukinzani kwenye plagi: omu thelathini. Mia mbili arobaini gawanya kwa thelathini, ampia nane. Ukijumlisha na zile tano, kumi na tatu. Fyuzi imezidiwa.

Akachomeka.

Sumaku haikuachia.

Maji yakaanza kunguruma, fyuzi imekaa tu. Jasho likamtiririka mgongoni. Ndipo akakumbuka kaka yake alivyomfundisha zamani, siku walipounguza redio ya baba: fyuzi ikizidiwa kidogo huvumilia, mdogo wangu. Ukitaka ikate upesi, izidishie mara mbili.

Pasi! Imeandikwa wati elfu moja mia sita themanini. Gawanya kwa volti mia mbili arobaini, ampia saba.

Jumla ishirini.

Hatua nzito zikaja koridoni.

"Nani kawasha birika?" Bonge aliuliza, akichungulia chumbani.

"Mimi, shemeji. Nakuchemshia maji ya chai."

"Shemeji yako nani? Haya, lete. Sukari usibanie."

Akaishika plagi ya pasi, ikakosa tundu. Akajaribu tena. Ikaingia.

Akangoja, akiwa amebana pumzi.

Birika likanyamaza. Kwenye mlango wa chuma sumaku ikaachia.

"Rada imerudi," Mkuu alisema. "Ndege tunaiona. Vijana wanaingia."

Bonge aligeuka kuikimbilia fyuzi. Akaihisi Beretta nyuma ya sikio.

"Bunduki chini, shemeji."

Kaka yake alitoka, amekonda, macho yanaumizwa na mwanga wa dirishani.

"Umeunganisha nini?"

"Birika na pasi."

"Ulipiga hesabu?"

"Mara mbili. Ya kwanza nusura ikuue."

Kaka alicheka, kisha akalia, akamkumbatia dada yake kwa nguvu.

Vijana walipomfunga Bonge pingu, Sindano alimimina maji, akatia majani na sukari, akampelekea kikombe.

"Sukari sikubania," alisema, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Bonge alikitazama kikombe. Kilikuwa nusu tu. Chai nyingine ilikuwa imemwagika njiani, matone matone, kutoka mezani hadi miguuni pake.