Kisima Chenye Kiu

Mkokoteni ulikuwa umekwisha toka uani. Juu yake kulikuwa na godoro, sufuria zilizofungwa ndani ya shuka, na mtoto mdogo aliyelegea kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Kuhara kulikuwa kumemrudia tena. Mama alivuta mbele, Chiriku akasukuma nyuma. Walikuwa wakihamia kwa mama mkubwa, kwenye maji ya bomba. Bwana afya alikuwa amesema maji ya kisima chao yamechafuka, wala hakuna aliyejua uchafu unapitia wapi.

Bibi alikuwa akiwasindikiza tu. Yeye habanduki.

"Nilianza kuyanywa sina meno," alisema, "na sasa sina meno tena. Niende wapi?"

Chiriku alipewa jina hilo kwa kusema sana. Siku hiyo alikuwa kimya.

"Leo chiriku kameza kokwa?" Bibi akamchokoza. Chiriku akazidi kusukuma.

Kisimani walimkuta jirani yao, mshona nguo, amemaliza kufua. Aliinamisha beseni juu ya ufa uliokuwa kwenye sakafu ya saruji inayozunguka pampu ya kisima. Maji ya sabuni yakazama papo hapo.

"Kunywa, mzee, kunywa!" alicheka. "Kisima kina kiu, Chiriku, kama ulivyosema!"

Chiriku akaacha kusukuma. Maneno yale aliyatunga yeye. Kila jioni alitumwa kumwaga maji ya nepi za mdogo wake kwenye shimo la maji taka, huko nyuma ya migomba. Beseni lilikuwa zito, mikono ikimuuma. Siku moja akaona ufa ule unavyofyonza, akamwaga hapo, kisha akaupamba uvivu wake kwa utani. Watu wakacheka, nao wakaanza kumwaga. Tangu bwana afya aje, Chiriku alishuku, akanyamaza. Sasa angeondoka, na siri ingefukiwa. Lakini Bibi angebaki, akinywa.

"Mama, simama," alisema. "Uchafu unapitia hapa. Mimi ndiye niliyeanza."

Akaeleza yote. Mama hakumgombeza. Alikaa juu ya mpini wa mkokoteni, kama mtu ambaye hata hasira imemchosha.

"Nepi," alisema. "Kumbe tunakunywa nepi."

Mshona nguo akatema mate, akaliweka beseni chini polepole.

Bibi aliusogelea ufa, akaugusa kwa kidole cha mguu. "Mjukuu wangu, kisima hakina kiu. Wenye kiu ni sisi. Maji ukiyamwaga hayapotei, yanatafuta njia ya kurudi kikombeni. Uvivu wako ulitia uchafu. Ukimya wako ndio ulioufanya ukae."

Mkokoteni ukageuzwa, mizigo ikashushwa uani, nao ukaenda kubeba mchanga. Fundi pampu alivuta maji yote, yakamwagwa mbali, akatia dawa, akaziba ufa kwa saruji. Majirani wakachimba mfereji mpaka migombani, na muda wote huo kila nyumba ilichemsha maji ya kunywa. Mtoto alipona, ila polepole. Mama hakuhama; godoro lilinyeshewa uani siku ile na halikuwa zuri tena. Mshona nguo sasa anafulia kando ya mfereji. Bibi alifariki mwaka uliofuata, kwa uzee tu. Chiriku bado anabeba beseni mpaka shimoni, na mikono bado inamuuma.